Depite Aliyesemea Ardhi na Wenyeji: Historia ya Moringe Parkipuny

Leo nawaletea historia ya depite mmoja wa Tanzania, Mmasai, jina lake Lazaro Moringe ole Parkipuny. Alifariki mwezi wa Julai 2013. Mtaniuliza: ya Wamasai yanatuhusu nini, sisi walimaji wa maharagwe na kahawa? Ngojeni kwanza niwasimulie. Parke, shamba, karatasi ya serikali, na neno lile «mwenyeji» linalotuchoma sana hapa Kivu: yote hayo yamo ndani ya maisha ya mtu huyu.

Tuanze na inchi yake. Mwaka 1951 Waingereza waliotawala Tanganyika walianzisha parke ya Serengeti mahali Wamasai walipokuwa wakichunga ng'ombe. Mwaka 1958 wazee kadhaa wa Kimasai walitia sahihi karatasi ya kukubali kuhama. Mwaka 1959 ikatungwa sheria ya kuwapa mahali pengine, Ngorongoro, eneo la kilomita za mraba zaidi ya 8,000, ambamo watu, mifugo na wanyama wa pori wangekaa pamoja. Gavana mwenyewe aliwaambia Wamasai kwamba kama faida ya wanyama na faida ya watu zitagongana humo, ya watu itatangulia. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Uhuru ulipatikana mwaka 1961. Mwaka 1974 serikali ya wananchi wenyewe iliwatoa kwa nguvu watu waliokuwa wakikaa ndani ya bonde kubwa la Ngorongoro. Mwaka uliofuata, 1975, kulima kukakatazwa katika eneo lote. Mtu aliyekuwa na bustani ndogo ya mahindi, kwa sababu maziwa peke yake hayakumtosha tena, akawa mkosaji mbele ya sheria. Na mwaka huohuo wa 1975, Parkipuny, kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu chake cha kumaliza masomo juu ya matatizo ya Wamasai wenzake. Alikuwa mmoja wa wachache sana wa kabila lake waliofika hapo. Angeweza kupata kiti kizuri mjini akanyamaza.

Mwaka 1980 watu wa Ngorongoro walimchagua kuwa mbunge, naye akakaa bungeni mpaka 1990. Msisahau kwamba Tanzania ya wakati ule ilikuwa na chama kimoja, kama Zaire yetu ya M.P.R., ingawa sifananishi viongozi. Kusimama ndani ya chama kimoja na kusema kwamba serikali imewaonea watu fulani kulitaka moyo. Tena ilikuwa hatari kutaja kabila, kwa maana taifa lile lilijengwa juu ya wazo kwamba wote ni sawa na makabila yasitajwe. Wazo zuri, kwa kweli, na sisi tungelihitaji. Ila Parkipuny aliona upande wake mwingine: usawa wa maneno ulikuwa unaficha kwamba mchungaji na mwindaji wanahesabiwa kuwa watu wa nyuma, wanaopaswa kubadilishwa, na ardhi yao inahesabiwa kuwa pori tupu lisilo na mwenyewe. Mwaka 1984, kwa mfano, kiwanda cha bia kilipata eka 10,000 huko Loliondo, katika jimbo lake, ardhi ambayo wachungaji waliiona ni yao. Njia aliyoifuata haikuwa ya mikuki. Alihimiza vijiji vya Loliondo vipimwe mipaka na kupata hati, ili siku mkubwa akija na karatasi, wanakijiji nao wawe na karatasi.

Hapo katikati alikuwa amesafiri mpaka Marekani, akawatembelea Wanavajo. Akaona kumbe jambo hili si la Wamasai peke yao.

Ndiyo maana Agosti 1989 tunamkuta Geneva, mbele ya kikundi cha Umoja wa Mataifa kilichoshughulikia watu wa asili wa dunia. Mpaka siku ile waliosema pale walikuwa watu wa Amerika, Australia na kwingineko. Parkipuny, pamoja na Mhadzabe mmoja wa inchi yake, ndio Waafrika wa kwanza kusimama pale kwa ajili ya watu wao. Serikali za Afrika zilikuwa na jibu tayari: Waafrika wote ni wenyeji, mkoloni ndiye mgeni. Parkipuny hakukataa kwamba Waafrika wote ni wa Afrika. Alieleza tu kwamba ndani ya Afrika hiyo kuna watu ambao maisha yao yanadharauliwa na kunyang'anywa, na uhuru haukuwafikia kama ulivyowafikia wengine.

Wasikilizaji, nataka tusimame kidogo hapa. Kwetu Kivu ya Kaskazini neno «otoktone» limeua watu. Mtu akisema «mimi ndiye mwenyeji», mara nyingi sentensi inayofuata ni «na wewe uondoke». Masisi mwaka 1993 tuliona inavyoanza. Parkipuny alilitumia neno lilelile kwa maana nyingine kabisa. Hakulitumia kumfukuza jirani. Alilitumia kuidai serikali: msituondoe bila kutuuliza, msitusahau mnapogawa shule na maji. Mwaka 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilikubali maelezo ya namna hiyo: kuwatambua watu wa asili si kuwapa haki juu ya wengine, wala si kupima nani alifika kwanza. Mimi niliyesoma sheria naona tofauti hii ni kubwa kuliko vifungu vingi. Mkimsikia mwanasiasa katika barza akitumia neno hilo, mwulizeni: unaidai serikali, au unamfukuza jirani?

Baada ya kutoka bungeni alianzisha shirika huko Loliondo, KIPOC, jina ambalo kwa Kimasai maana yake ni kwamba tutapona, tutainuka tena. Ndani ya jina lake refu mlikuwa na uhifadhi pia. Hakutaka wanyama wamalizwe. Lakini nisiwapambie. Mashirika ya wachungaji yaliongezeka haraka miaka ile ya 1990, fedha za wafadhili zikaja, na magomvi yakaja nazo: ya ukoo, ya uongozi, ya nani anasema kwa jina la nani. Na Wasonjo, walimaji wanaopakana na Wamasai kule Loliondo, nao wana madai yao juu ya mipaka. KIPOC haikudumu na nguvu iliyoanza nayo.

Sasa turudi nyumbani. Sisi pia tulikuwa na depite aliyeacha jina lake juu ya ardhi: Bakajika. Sheria ya tarehe 7 Juni 1966, inayoitwa kwa jina lake, iliirudishia inchi udongo ambao mkoloni aliwagawia makampuni, kama ile Kamati ya Taifa ya Kivu ya mwaka 1928. Nia ilikuwa njema. Lakini udongo haukurudi kwa mwanakijiji. Ulirudi kwa Leta. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikamalizia: udongo wote ni mali ya Leta. Na ule unaokaliwa kwa desturi, ambao babu zetu waliupelekea muhako kwa mwami? Kifungu cha 389 kilisema Raisi atatoa amri ya kuupangia haki zake. Mobutu alitawala miaka 24 baada ya hapo, akaondoka bila kuitoa amri hiyo. Mnakumbuka ahadi ya gavana? Katika pengo hilo ndimo mabishano mengi ya mashamba yamelala, pamoja na yale ya Mayangose kati ya wakulima na parke ya Virunga.

Na chini yetu sisi wakulima kuna Wambuti. Mwisho wa 2002, askari wa vikundi vya waasi walipotokea Mambasa kuelekea Beni, Wambuti waliuawa na kutendewa mambo nisiyoyataja saa hizi watoto wakisikiliza. Mei 2003 mwakilishi wao alikwenda New York kuyasema mbele ya Umoja wa Mataifa, akitumia mlango ambao Waafrika walianza kuupita Geneva mwaka 1989. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya Beni yamewatoa tena msituni wengi wao. Wengine wanaomba kibarua katika mashamba yaliyofyekwa pale babu zao walipowinda, na wanalipwa chini ya wengine. Nani anawalipa hivyo? Si Leta.

Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inawalinda Wapigme: wasihamishwe bila kukubali wenyewe, wapate shule na matunzo ya afya, desturi zao ziheshimiwe. Na amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii yoyote inayoishi kwa desturi katika msitu kuomba msitu wake, mpaka hektari 50,000, bila kuununua, na bila mwisho wa miaka. Maombi yanakwenda kwa gavana wa jimbo, pamoja na ramani na majina ya wanaoomba. Wambuti wanaweza kuomba. Wanaweza pia kuomba pamoja na majirani zao Wanande au Wambuba, kama majirani watakubali majina yao yaandikwe kwenye karatasi moja.

Juma lijalo tutasoma namna maombi hayo yanavyoandikwa, hatua kwa hatua. Wenye kujua kusoma waje na kalamu, na atakayeweza amwalike Mmbuti mmoja asikilize naye.