Utando Unaoamua Chai ya Kericho

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani ardhi ya Wakipsigis huko Kericho ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na ardhi haikurudi kwa wenyewe. Iliishia mikononi mwa makampuni ya chai. Katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay walikuwa wameanza kupanda. Mvua ilitosha na udongo wenye tindikali uliifaa chai. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kiwandani.

Jani bichi lina kila kitu cha kuligeuza kuwa chai nyeusi, ila vitu hivyo vimetenganishwa. Ndani ya seli mna vakuoli, kifuko cha maji kilichohifadhi katekini zenye ukakasi. Nje ya kifuko hicho kuna kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi. Kinachovitenga ni utando mwembamba wa mafuta na protini. Maji huupenya, lakini katekini haziupenyi kirahisi. Katika miaka ya 1890, Ernest Overton, akiwa Zürich, aliona kwamba vitu vinavyoyeyuka katika mafuta huingia kwenye seli upesi kuliko vingine, akakisia kuwa mpaka wa seli una asili ya mafuta.

Ili kuudhoofisha mpaka huo, kiwandani jani hunyaushwa kwanza. Hewa hupulizwa kati ya majani kwa saa nyingi, maji yanatoka, utomvu unakolea, na utando unaanza kuvuja. Jani linalegea, ukilikunja halikatiki. Kisha linapondwa. Mashine za zamani zililisokota tu, na seli nyingi zikabaki nzima. Mwaka 1930, huko Assam, William McKercher alibuni mashine ya CTC: silinda mbili zenye meno, zinazozunguka kwa kasi tofauti na kulirarua jani. Vakuoli zikipasuka, katekini hukutana na kimeng'enya pamoja na oksijeni, na rojo la kijani hugeuka rangi ya shaba, hatua iitwayo kuchacha. Leo sehemu kubwa ya chai ya Kenya hupitia CTC.

Mwaka 1951 taasisi ya utafiti wa chai ya Afrika Mashariki ilianzishwa Kericho. Katika miaka ya 1960 watafiti wa chai walikuwa na kipimo rahisi: jani zima hufungiwa kwenye chombo chenye mvuke wa klorofomu. Klorofomu huharibu utando, na jani hubadilika kuwa kahawia bila kuguswa na kisu. Kadiri lilivyobadilika upesi ndivyo mche wake ulivyotarajiwa kuchacha vizuri.

Wakulima wadogo walipoingia kwa wingi chini ya KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai iliyoundwa mwaka 1964, kanuni hiyohiyo ya utando kupasuka iliwafuata shambani. Jani likishindiliwa kikapuni au kuachwa lipate joto, utando hupasuka mapema, jani huwa jekundu, na karani wa kituo cha kununulia hulikataa.

Mwaka 2011 watafiti wa Kericho walitoa mche wa chai ya zambarau, TRFK 306/1, ambao rangi yake nayo hukaa ndani ya vakuoli. Wanaotaka kuihifadhi rangi hiyo hulipitisha jani kwenye mvuke wa maji kwanza, ili joto liue kimeng'enya kabla ya jani kusokotwa. Kwa hiyo jani lilelile linaweza kutoa vinywaji viwili tofauti, kutegemea kipi kimetangulia: joto au meno ya mashine.