Greihaundi: Maana, Asili na Matumizi

greihaundi nm [a-/wa-] mbwa wa uzao wa Ulaya mwenye mwili mwembamba, kifua kilichoshuka, kiuno kilichobana na miguu mirefu, afugwaye kwa mbio na kwa mawindo ya kufukuzia kwa macho. Umbo la neno halibadiliki katika wingi: *greihaundi huyu anakimbia, greihaundi hawa wanakimbia.*

Hali ya mnyama huyu jijini Dar es Salaam ni ya pekee: waliomwona ni wengi, waliomgusa ni wachache mno. Katika vibanda vya kubeti vya Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Tegeta, mbwa sita waliovishwa namba huonekana wakifukuzana kwenye skrini kila baada ya dakika chache. Wateja huwaita *mbwa* tu, na mchezo wenyewe *mbio za mbwa*. Mfasiri anapaswa kujua ni mbwa gani hao, na pia ni mbio za namna gani hizo.

Asili ya neno

Katika Kiingereza cha Kale neno hili liliandikwa *grighund*. Sehemu ya pili, *hund*, ina maana ya mbwa. Sehemu ya kwanza haihusiani na rangi ya kijivu, ingawa tahajia ya leo humfanya msomaji adhani hivyo. Wanaisimu huilinganisha na neno la Kinorsi cha Kale lenye maana ya mbwa jike. Kwa hiyo tafsiri ya *mbwa wa kijivu* ni kosa la maana, na pia ni kosa la ukweli, kwa kuwa greihaundi huweza kuwa mweusi, mweupe, mwekundu, wa hudhurungi au mwenye milia.

Historia

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba greihaundi ametokana moja kwa moja na mbwa wembamba waliochorwa katika makaburi ya Misri ya kale. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba yuko karibu zaidi na mbwa wa Ulaya, wakiwamo wachunga kondoo, kuliko na saluki wa Uarabuni. Katika karne ya 2 Arrian, mwandishi wa Kigiriki, alieleza mbwa wa Wakelti waliowinda sungura kwa kasi na kwa macho. Maelezo yake yanamfaa sana greihaundi wa leo.

Uingereza iliugeuza uwindaji huo kuwa mashindano. Mwaka 1919 Mmarekani Owen Patrick Smith alifungua huko Emeryville, California, uwanja ambamo mbwa walifukuza sungura wa bandia aliyevutwa kwa mtambo. Mbio za namna hiyo zilianza Uingereza Julai 1926 katika uwanja wa Belle Vue, Manchester. Afrika Mashariki nayo iliguswa: Kenneth Gandar-Dower alisafirisha duma kutoka Kenya hadi Uingereza, na Desemba 1937 wakakimbizwa katika uwanja wa greihaundi wa Romford. Duma wana kasi kubwa zaidi, lakini hawana hamu ya kushindana, na mchezo huo haukudumu.

Baadaye lawama ziliongezeka kuhusu mbwa kuvunjika miguu uwanjani na kutelekezwa wakishazeeka. Mwaka 2018 wapiga kura wa jimbo la Florida, Marekani, waliamua mbio hizo zikome kabla ya mwaka 2021.

Sifa

Dume husimama sentimita 71 hadi 76 begani, na uzito wake ni takriban kilo 30. Anaweza kufikia kasi ya kilomita 70 kwa saa. Siri ya kasi hiyo ni mwendo wake: katika kila mzunguko wa hatua, miguu yote minne huachana na ardhi mara mbili, mara moja mwili ukiwa umekunjamana na mara nyingine ukiwa umenyooka. Moyo wake ni mkubwa kwa kulinganisha na mwili, damu yake ina chembe nyekundu nyingi, na mafuta mwilini ni haba. Kwa sababu hizo huumizwa upesi na baridi, na daktari wa mifugo hulazimika kuwa mwangalifu anapompa dawa ya usingizi. Nyumbani ni mpole, na sehemu kubwa ya siku huipitisha amelala.

Maneno yanayokaribiana

*Mbwa wa msasi* ni mbwa wa mwindaji, wa uzao wowote. Methali husema: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. *Mbwa koko* ni mbwa azururaye bila mwenyewe. Wembamba wake wa njaa haumfanyi kuwa greihaundi. *Saluki* ni mbwa wa mawindo anayeenziwa Oman na nchi nyingine za Ghuba. *Basenji* ni uzao wa Kongo, na jina lake lina undugu na neno *washenzi* la Kiswahili.

Matumizi

1. Panapozungumzwa uzao, tumia *greihaundi*. Panapotosha kutaja kazi yake tu, *mbwa wa mbio* inafaa.

2. *Greyhound*, kwa herufi kubwa, huweza kuwa jina la kampuni ya mabasi ya Marekani iliyoanza mwaka 1914. Jina la kampuni halifasiriwi: *Alisafiri kwa basi la Greyhound hadi Chicago.*

3. Mbio za vibandani ziitwe *mbio pepe za mbwa* au *mbio za mbwa za kompyuta*. Tofauti hii ina uzito. Katika mbio halisi, mtu anaweza kupima umri wa mbwa, jeraha lake na hali ya uwanja. Katika mbio pepe hakuna mbwa wala jeraha: programu huteua mshindi kwa bahati nasibu, kulingana na uwezekano uliokwisha kupangwa, na malipo hukadiriwa ili mwenye mchezo abaki na faida baada ya muda mrefu. Kijana anayesema *namba nne amechoka, sasa zamu ya namba mbili* amepotoshwa na neno *mbio*. Ushindi wa mzunguko uliopita hauathiri mzunguko ujao. Mwandishi wa tangazo, wa habari au wa somo la shuleni anayeacha kivumishi *pepe* humnyima msomaji habari ambayo huenda ingemwokolea fedha zake.

Mifano

*Greihaundi aliyestaafu mbio amepata mfugaji mpya.*

*Mkeka wake ulichanika katika mbio pepe za mbwa.* (Mkeka: orodha ya ubashiri wa mchezaji kamari, kuchanika: kukosa ushindi.)

*Sungura wa bandia alizunguka uwanja, na greihaundi sita wakamfuata.*

Si sahihi: *Mbwa wa kijivu alishinda mbio,* ikiwa kinachokusudiwa ni uzao na si rangi.

Tazama pia: bweka, duma, kamari, mbwa mwitu, msasi, uzao.