Safari ya Usiku hadi Port Florence

Treni ya Kisumu tuliyopanda mimi na Akoth iliondoka Nairobi jioni ya Ijumaa. Ukifikiria vizuri, hiyo saa ndiyo ilituharibia. Tulikuwa tumeweka pesa miezi minne kwa likizo yetu ya kwanza pamoja, tuione milima kupitia dirishani kama watalii wa kwenye matangazo. Tulipofika Limuru giza lilikuwa limeingia. Bonde la Ufa lote tulilipita tukitazama nyuso zetu wenyewe kwenye kioo.

"Sasa hiyo milima iko wapi?" Akoth akauliza.

Nikamwambia iko hapo nje, ni vile haionekani. Halafu nikaanza kumsimulia, maana chuo niliacha mwaka wa tatu lakini historia haijaniacha.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899. Hadi hapo shida zilikuwa maji, magonjwa na simba wa Tsavo. Baada ya hapo ardhi yenyewe ndiyo ikawa shida: upande wa Kijabe inaporomoka ghafla kuelekea bondeni. Njia ya kudumu ingechukua muda, na wakubwa hawakutaka kazi ya mbele isimame. Kwa hivyo wakatengeneza mteremko wa muda. Mabehewa yaliwekwa juu ya vigari maalum, yakashushwa kwa kamba nene za chuma, uzito wa linaloshuka ukilivuta linalopanda. Hebu fikiria ukiwa mtu wa chini pale, umeambiwa ushike breki.

Na kulikuwa na wapenzi wawili kwenye hiyo kazi. Ronald Preston alikuwa msimamizi wa kutandika reli, na mkewe Florence alifuatana naye, wakiishi kwenye hema lililohama kila reli iliposonga. Waliona milima yote mchana, polepole, taruma kwa taruma. Desemba 1901 walifika ziwani, Florence akagonga msumari wa mwisho, na stesheni ikaitwa Port Florence. Siku hiyo Kisumu ilikuwa bado sehemu ya Uganda. Ilihamishiwa upande huu mwaka 1902. Ndiyo maana reli iliyo karibu yote ndani ya Kenya iliitwa Reli ya Uganda.

"Romantiki," Akoth akasema, akimenya chungwa.

Ndiyo, kwa hao wawili. Lakini wafanyakazi walioletwa kutoka Bara Hindi walikuwa karibu 32,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Wengi wao hakuna mke aliyewafuata na hema. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikaa kwenye kibao kilichofungwa mbele ya injini ili atazame wanyama vizuri. Hivyo ndivyo reli yetu ilivyoanza kuuzwa duniani: kama dirisha. Sisi wengine tuliijua kama mlango.

Tulilala vipande vipande. Pale Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, baridi ilitupata hata madirisha yakiwa yamefungwa. Kukapambazuka tukishuka kuelekea Fort Ternan, na hatimaye tukaona kitu: madaraja ya chuma juu ya mabonde, moshi wa jikoni za watu, na upande wa kulia milima ya Nandi.

Hapo nilinyamaza kidogo. Wanandi walipigana na hao wageni tangu 1895 hadi 1905. Waya za simu za serikali wakazifanya mapambo, bolti za reli wakazifua silaha. Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na Richard Meinertzhagen akamuua hapo hapo. Baadaye watu wake waliondolewa kwenye ardhi iliyo karibu na reli. Akoth alikuwa anapiga picha. Alishusha simu.

Tulishuka Muhoroni, tukachukua bodaboda hadi kwa Dani, nyanya yangu mzaa baba. Hiyo ndiyo sababu halisi ya safari, na Akoth aliijua. Dani aliuza ng'ombe wawili kunilipia karo. Miaka miwili sasa nilikuwa sijamwambia.

Alinipokea kama kawaida, "Chuora," mume wangu, halafu akamtazama Akoth na kumwita nyieka, mke mwenza, akacheka mpaka akashika ukuta. Akoth akamwambia tumekuja kwa treni kuona milima.

"Milima gani? Mimi nilikuwa nahesabu stesheni."

Babu alikuwa anasafisha injini za reli Nairobi, akilala Muthurwa kwenye chumba cha wanaume wanne. Hapakuwa na mahali pa mke. Walisafiri pamoja mara moja tu, mwaka 1958, alipopata likizo: daraja la tatu, viti vya mbao, kuku mmoja ndani ya kikapu.

"Kwa hivyo hiyo ndiyo ilikuwa fungate yenu?" Akoth akauliza.

"Alitoka zamu ya usiku. Alinilalia begani kutoka Nairobi mpaka Muhoroni. Nilikaa macho tusije tukapitishwa. Bega liliniuma siku tatu." Akaligusa, kama bado linauma.

Jumapili asubuhi, alipokuwa anachambua maharagwe, nilimwambia. Kwamba niliacha, kwamba naandika, kwamba kuandika kunalipa kidogo na kwa kuchelewa. Hakuinua macho.

"Huyu msichana anajua?"

"Anajua, Dani."

Akatupa kijiwe nje ya ungo, akatafuta kingine.

"Ng'ombe siku hizi ni pesa ngapi?"

Nikamtajia.

"Haya," akasema. "Utaanza na mmoja."