Jinsi ya kuipa tarakilishi anwani ya kudumu katika mtandao wa nyumbani

Umeme unapokatika mjini Wote au Mwingi kisha ukarejea, ruta huwaka, tarakilishi huwaka na intaneti hupatikana kama kawaida. Hata hivyo, tarakilishi iliyohifadhi faili za wote, ambayo pia ndiyo iliyounganishwa na printa, huenda isionekane tena na vifaa vingine, ilhali haina hitilafu yoyote.

Kwa mwenye kibanda cha kuchapisha stakabadhi, au kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kaunti ya Kitui anayesubiri tasnifu yake itolewe, saa moja ya kuhangaika ni hasara. Wengi hulazimika kumwita fundi na kumlipa kwa kazi ya dakika chache. Mara nyingi chanzo cha tatizo ni kimoja tu: anwani ya tarakilishi hiyo imebadilika.

Tatizo hili limeenea kadiri intaneti inavyoingia majumbani. Hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kuunganishwa na ulimwengu. Mwaka huo nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini, na tangu hapo ruta zimeingia katika nyumba na maduka mengi, yakiwemo ya miji ya Makueni iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa kama vile Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali.

ANWANI YA IP NI NINI?

Kila kifaa kilichomo katika mtandao hutambuliwa kwa anwani ya IP. Anwani ya aina inayotumika zaidi majumbani huwa na namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Mfano ni 192.168.1.50.

Anayetumia sanduku la posta ataelewa jambo hili kwa urahisi. Barua ya Kitui huandikwa msimbo 90200 na ya Makueni 90300, kisha hufuata namba ya sanduku la mwenyewe. Vivyo hivyo, katika mfano uliotajwa, namba tatu za kwanza ni za mtandao mzima wa nyumba, na 50 ni ya kifaa kimoja. Kinachoonyesha mpaka kati ya sehemu hizo mbili ni safu ya tarakimu 255.255.255.0.

Kwa kawaida, ruta ndiyo inayogawa anwani hizi kwa utaratibu uitwao DHCP, uliobuniwa mwaka 1993. Kifaa hukopeshwa anwani kwa muda maalumu. Muda ukiisha kifaa kikiwa kimezimwa, au ruta ikipoteza kumbukumbu zake umeme ukikatika, anwani ile inaweza kupewa simu ya mgeni. Hali hii ni sawa na ya mchuuzi anayeketi popote anapopata nafasi siku ya soko. Wateja wake hawajui watampata wapi wiki ijayo.

Kuipa tarakilishi anwani ya kudumu ni kama kumkabidhi mchuuzi huyo kibanda chake mwenyewe.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza ni kujua mtandao ulivyo sasa. Katika tarakilishi ya Windows, hufunguliwa dirisha la kuandikia amri, kisha huandikwa ipconfig /all. Yanayohitajika hapo ni manne: anwani ya sasa, tarakimu za mpaka wa mtandao, anwani ya lango, yaani ruta yenyewe, na anwani ya DNS, ambayo ni huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Inafaa yote yanakiliwe kwenye karatasi.

Lango halifanani kila mahali. Ruta nyingi hutumia 192.168.1.1, ilhali nyingine hutumia 192.168.8.1 au 192.168.100.1. Kwa hivyo ni makosa kuiga namba za jirani bila kuchunguza za kwako.

Hatua ya pili ni kuchagua anwani iliyo huru. Ukurasa wa ruta hufunguliwa kwa kuandika anwani ya lango katika kivinjari, na humo huonyeshwa fungu la anwani zinazogawiwa vifaa. Ikiwa ruta hugawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, basi 192.168.1.50 iko nje ya fungu hilo na inaweza kutumika, mradi hakuna kifaa kingine kilichopewa.

Hatua ya tatu ni kuijaza. Katika Windows 11, hufunguliwa mipangilio ya mtandao, huchaguliwa muunganisho unaotumika, kisha ugawaji wa anwani ya IP hubadilishwa kutoka wa moja kwa moja hadi wa kujaza kwa mkono. Baada ya kuwasha IPv4, hujazwa anwani iliyochaguliwa, tarakimu 255.255.255.0, lango na DNS. Katika Windows 10, badala ya tarakimu hizo huulizwa urefu wa sehemu ya mtandao, na jibu huwa 24.

Hatua ya mwisho ni kuhifadhi na kufanya jaribio. Ikiwa tovuti hazifunguki, lango au DNS huenda imekosewa. Kurejesha mpangilio wa awali hurudisha hali ilivyokuwa.

NJIA MBADALA

Ipo njia nyingine ambayo ni salama zaidi kwa wengi. Ruta nyingi huweza kutengewa anwani ya kifaa fulani kwa kutumia namba ya MAC, ambayo ni utambulisho wa herufi na tarakimu 12. Ruta ikiiona namba hiyo, hutoa anwani ile ile kila mara.

Njia hii huwafaa hasa wenye vipakatalishi. Kipakatalishi kilichojazwa anwani kwa mkono nyumbani Kitui kinaweza kukosa intaneti kikipelekwa ofisini Nairobi iwapo mpangilio huo utaendelea kutumika huko. Kilichotengewa anwani ndani ya ruta hakina tatizo hilo. Hata hivyo, simu nyingi za kisasa hutumia namba ya MAC ya kubuni ili kulinda faragha. Sharti mpangilio huo uzimwe kwa mtandao wa nyumbani kwanza.

TAHADHARI

Vifaa viwili visipewe anwani moja kamwe. Vikigongana, kimoja au vyote viwili hukatikiwa mawasiliano, na chanzo chake ni vigumu kukigundua.

Aidha, anwani ya kudumu ya nyumbani haimwezeshi mtu aliye mbali kuifikia tarakilishi hiyo. Anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa mwaka 1994 kwa matumizi ya ndani, ndiyo maana nyumba ya Mutomo na ya Sultan Hamud zaweza kutumia namba moja bila kugongana. Utaratibu huo ulihitajika kwa kuwa anwani za aina hii ulimwenguni ni takriban bilioni 4.3 pekee, na mafungu ya mwisho ya hazina kuu yaligawiwa mashirika ya kanda, likiwemo AFRINIC la Afrika, mnamo Februari 2011.

Anayetaka kutazama kamera za nyumbani akiwa safarini atahitaji mpango mwingine, kama vile kumwomba mtoa huduma wake anwani ya umma. Asifungue mlango wa ruta kabla ya kubadilisha nywila iliyokuja na kamera, kwani nywila hizo hujulikana na wahalifu.

Hatimaye, anwani zote zilizogawiwa ziandikwe katika daftari na kuwekwa karibu na ruta. Siku ruta itakapoharibika au mtoa huduma atakapobadilishwa, daftari hilo litamwezesha mwenye nyumba kurejesha kila kifaa mahali pake bila kumngoja fundi.