Udaku: nani anafaidika, nani anaumia?

Mwandishi wa udaku hufuatilia maisha binafsi ya watu maarufu: nani kaoa, nani kaachika, nani kagombana na nani. Hapa Tanzania kazi hii ilikuzwa na magazeti ya Global Publishers, yakiwemo Ijumaa, Uwazi, Amani na Risasi. Baadaye ikaingia redioni na kwenye televisheni, na sasa iko kwenye simu. Habari iliyosubiri basi kufika Mbinga, leo inasomwa Ngaka na Mbamba Bay mara tu inapotoka.

Kwa nini mastaa hawaukimbii?

Msanii asiyetajwa husahaulika. Wema Sepetu alitwaa taji la Miss Tanzania mwaka 2006, lakini uhusiano wake na Diamond Platnumz ndio uliojaza kurasa miaka kadhaa baadaye. Wapo wanaovujisha habari zao wenyewe wimbo mpya unapokaribia kutoka. Hiyo ndiyo inayoitwa kiki.

Kisa cha Clouds

Usiku wa Machi 17, 2017, Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliingia ofisi za Clouds akiwa na askari wenye silaha. Hilo lilithibitishwa na kamati iliyoundwa na Waziri wa Habari, Nape Nnauye. Uongozi wa kituo ulieleza kuwa alitaka kipindi cha udaku cha Shilawadu kirushe habari ya mchungaji maarufu, ambayo ilikuwa imezuiwa kwa sababu upande wa pili haukusikika. Machi 23, siku moja baada ya kupokea ripoti, Nape aliondolewa uwaziri.

Kumbe hata udaku una kanuni: anayetuhumiwa asikilizwe kwanza.

Kabla hujatuma

Jiulize: nani kasema? Mhusika kajibu nini? Picha ni ya lini? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza habari akijua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu au kupotosha. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Staa akizushiwa ana vyombo vya habari vya kukanushia. Mwalimu au mama lishe wa kijijini akizushiwa kwenye kundi la WhatsApp hana pa kukanushia, na kesho lazima apite njia ileile mbele ya watu walewale.