Mtwa: Habari za Jina la Heshima

Walimu wengi wamekwisha kuulizwa na watoto, "Mtwa maana yake nini?" Jibu la haraka ni kwamba Mtwa ni mtawala. Si jibu baya, lakini halitoshi. Kwa maana neno hili lilianza bomani, na leo wako Wakristo wengi wanaolitamka kanisani kuliko penginepo pote.

Katika Uhehe mtawala mkuu aliitwa Mutwa, nasi kwa Kiswahili twasema Mtwa. Hapo kwanza nchi ile ilikuwa na watawala wengi wadogo wadogo, hata Munyigumba alipowaunganisha katika karne ya 19. Tangu hapo cheo kikapata uzito mwingine. Mtwa ndiye aliyeweka wanzagila, yaani watawala wa sehemu za nchi, na wengi wao walikuwa jamaa zake au wakwe zake. Mashauri makubwa yaliletwa mbele yake, na vita havikutoka bila amri yake. Tena matambiko penye makaburi ya baba zake yalikuwa kazi yake, kwa ajili ya nchi nzima. Basi aliyetamka jina hili alimtaja mtu awezaye kumwua, na mtu huyohuyo aliyemtumaini wakati wa njaa na wa adui.

Munyigumba alipokwisha kufa, mwanawe Mkwawa alilijulisha jina hili mbali. Tarehe 17 Agosti 1891 watu wake waliwapiga Wadachi huko Lugalo, akafa na mkuu wao Zelewski. Boma la Kalenga lilianguka Oktoba 1894, naye Mkwawa akatangatanga maporini karibu miaka 4, hata tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kikakatwa. Kwa Kihehe kichwa ni mutwe. Sidai kwamba maneno haya mawili ni ndugu, lakini siku ile vyote viwili vilichukuliwa, mutwe na Mutwa. Mapatano ya Versailles ya 1919 yaliagiza fuvu lirudishwe, walakini lilirudi mwaka 1954 tu, Gavana Twining alipolikabidhi kwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Limewekwa Kalenga.

Jina lenyewe halikuwa la Wahehe peke yao. Merere wa Usangu naye alikuwa Mtwa kwa watu wake, na Wahehe walipomfukuza katika nchi yake, alijenga Utengule, karibu na Mbeya ya leo. Wamisioni Wamoravian wakafungua kituo huko mwaka 1895. Hivyo Mtwa aliyekimbia Mtwa mwenzake akawa jirani ya misioni.

Wamoravian walikuwa wamekwisha kufika Rungwe mwaka 1891, kwa Wanyakyusa. Huko mtawala wa nchi aliitwa malafyale. Lakini neno letu lipo huko pia, kwa matamshi ya kwao: Ntwa. Nalo ndilo lililochaguliwa kwa kumtaja Bwana katika ibada za Kinyakyusa, kama vile Mungu anavyoitwa Kyala. Yuko atakayesema kwamba si vema kumpa Mwokozi jina la wakuu wa dunia hii. Mimi naona Kiswahili kilifanya vivyo hivyo. Bwana ni nani, kama si mwenye nyumba, na mwenye watumwa, na yule Bwana Shauri aliyeogopwa penye baraza? Wafasiri hawakuwa na neno lisilokwisha kutumika. Walichukua neno lenye hofu na tegemeo ndani yake, wakawaachia wahubiri kazi ya kueleza ni Bwana wa namna gani anayewaosha wanafunzi wake miguu.

Mwaka 1963 sheria iliondoa utawala wa machifu katika Tanganyika yote. Huko Kalenga Mtwa bado ni jina la ukoo na la kaburi. Lakini mtoto wa Tukuyu aliyezaliwa baada ya mwaka ule alilisikia neno Ntwa kwanza kwa mama yake, katika sala ya jioni.