Insha Iliyofungia Njugu

Kama ulisoma chini ya 8-4-4, jaribu kutafuta kazi yako moja tu ya shule ya msingi. Insha, mchoro wa moyo, ramani ya Ziwa Victoria, chochote. Mimi sina. Madaftari yetu yaliishia kwa wauza njugu, na wengi wetu tumewahi kukunjua karatasi ya njugu tukakuta insha ya mtoto wa watu, na wino mwekundu chini: 23/40. Tukasoma, tukacheka, tukatupa.

Usilaumu wazazi. Mfumo wenyewe haukuwa na haja na hizo kazi. KCPE ilipofanywa mara ya kwanza mwaka wa 1985, ilirithi tabia ya CPE iliyoitangulia: miaka yote ya shule inahukumiwa kwa siku chache. Insha ulipewa dakika 40, ukaandika, karatasi ikachukuliwa, na hujaiona tena mpaka leo. Kilichorudi ni nambari.

Na si eti 8-4-4 ilidharau kazi za mikono. Ilikuja na ahadi hiyo hasa. Watoto walifuma, wakasuka, wakachonga. Wazazi wakachanga harambee kujenga karakana. Lakini ikifika KCPE, ufundi nao uliulizwa kwa maswali ya A, B, C ama D. Kikapu ulichosuka hakikuwa na pa kukaa kwenye ile karatasi.

Miaka hiyo hiyo ya 1980, huko Pittsburgh, Marekani, mradi ulioitwa Arts PROPEL ulikuwa ukijaribu kinyume chake. Watafiti wa Project Zero wa Chuo Kikuu cha Harvard, walimu wa mji huo na ETS (ndiyo, shirika la kutunga mitihani!) waliwataka wanafunzi wa muziki, uchoraji na uandishi waweke hata rasimu na majaribio yaliyokufa njiani. Baadaye mwanafunzi anakaa na faili lake, anaangalia alikotoka.

Kisha jimbo la Vermont, nalo la Marekani, likabeba wazo hilo kwa jimbo zima. Katika mwaka wa shule wa 1991–92 lilianza kupima uandishi na hisabati kwa potifolio, darasa la 4 na la 8. Ninachokipenda pale ni kitu kidogo sana: mtoto alichagua kazi yake moja bora ya uandishi, halafu akaandika barua kueleza kwa nini ni hiyo. Mtoto wa darasa la nne, akijitetea kwa maneno yake mwenyewe.

Mambo hayakwenda laini. Mwaka wa 1992 watafiti wa RAND, wakiongozwa na Daniel Koretz, walionyesha kwamba wasahihishaji wawili wakisoma kazi zile zile, mara nyingi walitofautiana. Kuna wanaotumia matokeo hayo kuizika potifolio. Mimi nayasoma hivi: barua ilikuwa inamfaa mtoto, shida ni kuifanya mizani ya kulinganishia shule.

Huku kwetu mtaala wa umilisi ulianza kitaifa mwaka wa 2019 na KCPE ya mwisho ikafanywa 2023. Potifolio iko kila darasa sasa. Alama za Gredi ya 6 zilipangwa hivi: asilimia 60 kutoka tathmini za shuleni, Gredi ya 4 hadi ya 6, na asilimia 40 kutoka KPSEA. Alama zilipoingia, wazazi wakaingia pia. Pitia saiba yoyote Jumapili jioni uone mzazi akiprinti picha za rangi huku mwenye kazi amelala nyumbani. Faili linang'aa, mwenyewe hajui lina nini. Hiyo ni KCPE tu, imevaa nguo mpya.

Mpwa wangu wa Gredi ya 5 huniletea lake kila mwisho wa muhula. Tunamwaga kila kitu sakafuni. Anapanga kwa tarehe, si kwa alama. Halafu namuuliza: Hapa ulikwama wapi? Hii na ile ya Februari, nini kimebadilika? Ukipewa tena, utaanzia wapi? Akisema "mwalimu aliipenda," namuuliza, na wewe? Hapo hunyamaza kweli kweli, na kazi yangu ngumu kuliko zote ni kutomjibia.

Muhula uliopita aliruka bango lake la rangi, lile ambalo mamake alikuwa amelipigia debe, akachagua majedwali mawili ya mvua aliyoipima kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. La kwanza lilikuwa limeandikwa "Kukaribia Matarajio."

"Anti, hili nalo niliweke? Si liko wrong?"

"Liko wrong wapi?"

Akafikiri, akaandika: "Mara ya kwanza sikumwaga maji ya jana ndio maana mvua ilikuwa ikiongezeka tu. Mara ya pili nilimwaga kila asubuhi."

Akaomba stepla, akayabana yote mawili pamoja, lenye makosa likiwa juu.